Ngazi Zilizobaki

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya, na ukurasa wake wa kwanza nautia upuuzi, kwa kuwa upuuzi ndio uliotokea.

Jana wenye tovuti wanne tulikutana saluni kwa Msusi kuanzisha umoja. Wazo lilikuwa la Mwenyekiti, ambaye alishakuwa mwenyekiti kabla hakujawa na kitu cha kukiongoza. Ni mkaguzi wa shule mstaafu. Tangu astaafu hajapata mtu wa kumkagua, na inamuwasha. Tovuti yake ni ya mtaa wa maofisi. Ina picha kumi na sita. Yeye yumo katika kumi na tano, na ya kumi na sita ni ya gari lake.

Msusi ana tovuti ya bondeni. Huandika kwa herufi kubwa kama anayemsemesha kiziwi, na alama za mshangao anazimwaga tu. Tangazo lake la funguo zilizookotwa lilikuwa na alama kumi na moja. Funguo zenyewe zilikuwa tatu.

Fundi ana tovuti ya mtaa wa mtoni. Ni fundi cherehani, na duka lake liko pale pale tuta la kuzuia mto lilipoachwa wazi ili watu washuke ngazi kwenda mtoni. Huandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mguu mmoja kwenye pedali, na msomaji hahitaji kuambiwa.

Wa nne ni mimi, wa tovuti ya mtaa wa juu: zamu za maji, umeme ukikatika, misiba, vitu vilivyopotea. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikisahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kwangu koma inakaa mahali pake.

Tutaitwa Umoja wa Hiari wa Tovuti za Mitaa. Kila tovuti itabaki ya mwenyewe, hakuna wa kumwamuru mwenzake, ila kutakuwa na ukurasa wa pamoja wa matangazo utakaoonekana kwenye tovuti zote nne. Neno hiari peke yake lilichukua saa nzima.

"Hiari maana yake nini?" Fundi aliuliza. "Nisipotaka kuleta tangazo, silileti?"

"Hulazimishwi," alisema Mwenyekiti, "lakini unatakiwa."

"Natakiwa na nani?"

"Na hiari yako mwenyewe."

Msusi alicheka hadi akamchoma mteja sikio kwa kitana cha moto.

Mimi nilijitolea kusahihisha ukurasa wa pamoja. Sikujitolea kwa wema. Nilijitolea kwa sababu kuanzia sasa takataka zao zitaonekana kwenye tovuti yangu, na mtu akiletewa takataka nyumbani hana budi kushika ufagio. Nikasema: kila tangazo lipitie kwangu kwanza.

"Bi Nukta," akasema Fundi, "utaniachia hata kosa moja la ukumbusho?"

Ndivyo wanavyoniita. Wanadhani jina hilo linaniudhi.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Matangazo ya kwanza yamefika. Mwenyekiti kaleta hotuba. Msusi kaleta "KARIBUNI WOTEEEE". Fundi kaleta maneno matano: "Mto leo ngazi kumi mbili." Hata "na" kaila. Mto umefanya nini? Umepanda, umeshuka, umeoa? Sentensi isiyo na kitenzi ni kama kiti kisicho na miguu. Nimelitupa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda bondeni kumwona Mama. Miguu yake imevimba tena. Kutoka kitandani hadi mlangoni anashika ukuta, na kutoka mlangoni hadi chooni anashika jina la Mungu. Nimemwambia kwa mara ya mia ahamie kwangu.

"Chumba kimoja," alisema, "na wewe humo ndani unanisahihisha? Niache nife na makosa yangu."

Nyumba yake iko chini ya tuta. Ukikaa uani kwake huoni mto hata kidogo, unaona udongo wa tuta na nyasi juu yake. Watu wa bondeni wanaishi jirani na mto kama mtu anayeishi jirani na askari: wanajua yupo, hawamtazami.

Tukiwa wadogo tulikuwa tukichota maji pale. Ngazi ni kumi na nne. Tulipanda na ndoo kichwani tukihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ukifika kumi na nne unaitua ndoo.

Alhamisi, 13 Machi

Hotuba nyingine ya Mwenyekiti. "Mshikamano" mara saba.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa, tangu alfajiri hadi saa sita. Fundi: "Mto leo ngazi kumi moja." Jana alisema kumi na mbili. Yaani mvua imenyesha asubuhi nzima, na mto wake umeshuka. Huyu mtu hupimaje suruali?

Jumapili, 23 Machi

Mkutano, saluni. Fundi alilalamika.

"Mto wangu mbona siuoni kwenye ukurasa wa pamoja? Kila asubuhi nauleta."

"Hauna kitenzi," nikamwambia.

"Mto hauhitaji kitenzi, Bi Nukta. Una maji."

Walicheka wote, hata Mwenyekiti, ambaye huwa anasubiri kuona kama kicheko kimo kwenye ajenda. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti na kusema kwamba Umoja hauchagui matangazo ya mwanachama, kwa kuwa huo utakuwa udikteta. Niliuliza kama kusahihisha nako ni udikteta. Akasema kusahihisha ni huduma.

"Basi utie kitenzi unachokitaka wewe," akasema Fundi. "Mimi shida yangu utoke, watu wa bondeni wauone. Wao hawauoni."

Haya. Nimepewa ruhusa na mwenye mto.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi: "Mto leo ngazi tisa." Nimeandika: "Maji ya mto leo yamefikia ngazi ya tisa." Tazama sentensi inavyosimama wima. Ina kiima, ina kiarifu, ina heshima zake.

Jumanne, 1 Aprili

Ngazi nane. Nimeandika: "Maji ya mto yameshuka hadi ngazi ya nane." Mvua siku nne mfululizo na mto unashuka. Huenda huko chini wamefungua mahali. Huenda Fundi anahesabu akiwa na sindano mdomoni. Kazi yangu ni lugha, haidrolojia sikuisomea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Prufu za kalenda ya mwakani zimenijia mezani, Februari ikiwa na siku thelathini. Mpangaji chapa anasema "si umeiona?" kana kwamba mimi kuiona kunamfanya yeye kuwa na akili.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Sikwenda kwa Mama, njia ni tope. Nilimpigia. Anasema uani kumeota vyura.

Alhamisi, 10 Aprili

Ngazi sita. "Yameshuka hadi ngazi ya sita." Mwenyekiti kapendekeza Umoja uwe na nembo. Amejichorea mwenyewe: mikono minne imeshikana, mmoja wenye saa. Saa ni kama yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Msusi kautoa ukurasa wa pamoja kwenye tovuti yake. Bila barua, bila mkutano. Nilimpigia.

"Unanifutia alama zangu," alisema. Nyuma yake kikaushio kilikuwa kinavuma. "Mteja wangu akisoma maneno yangu bila alama anadhani naumwa. Juzi mmoja kaniletea dawa."

"Kuna kanuni za uandishi."

"Kuna na hiari, dada. Si mlilizungumza saa nzima? Mimi nilikuwa nasuka lakini nilisikia. Nitaandika ya kwangu mwenyewe, ninyi andikeni yenu, tupendane hivyohivyo."

Umoja umedumu wiki sita. Mwanamke aliyeacha shule akajifunza kusoma kwa vibandiko vya chupa za mafuta ya nywele ndiye wa kwanza kuubomoa. Sishangai.

Fundi: ngazi tano.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua haijakata tangu Jumapili. Ngazi nne. "Maji yameshuka hadi ngazi ya nne."

Saa tano mdogo wangu alinipigia akiwa njiani. Ni dereva wa lori, sauti yake siku zote imechanganyika na injini.

"Dada, nimsogeze Mama? Naweza kugeuza leo hii, nifike jioni. Mvua hii siielewi."

"Umesoma tovuti?"

"Naendesha gari, nisome saa ngapi?"

"Mto umeshuka hadi ngazi ya nne. Ulikuwa ya tisa. Usipoteze safari."

"Una hakika?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Haya," akasema. "Wewe ukisema imekwisha."

Mchana Fundi naye kaleta ujumbe, si kwenye ukurasa, kwangu moja kwa moja: "Dada ngazi chache sasa. Waambie watu wajiadhari." Nilimjibu: "Ni *wajihadhari*. Ina h." Hakujibu. Ngazi chache ni habari njema, kwa nini watu wajihadhari na habari njema? Nimeweka hapa ujumbe wake kama ulivyo, kwa kuwa mimi huweka kila kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Saa moja asubuhi: Fundi, "ngazi mbili". Nimeandika: "Maji yameshuka zaidi, hadi ngazi ya pili." Neno *zaidi* nimeliongeza mimi, kwa hiari yangu, lisomeke vizuri. Nakwenda kazini.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika kwenye meza ya kulia kwa sababu Mama yuko kitandani kwangu. Amelala mchana huu, mdomo wazi, miguu juu ya mito miwili.

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana saa nne kasoro nilikuwa kazini, prufu ya Machi ya mwakani mkononi. Mpangaji chapa alikuja na simu yake. "Hii si bondeni kwenu?" Ilikuwa tovuti ya Msusi. Nayanakili maneno yake, pamoja na alama zake zote:

JAMANI BONDENI TOKENIIII!!!!!! FUNDI KABAKIZA NGAZI MOJA TU!!!! ACHENI VYOMBO BEBENI WATU!!!!!!!

Liliwekwa saa mbili na dakika kumi.

Kabakiza. Nilisimama na lile neno kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto. Kabakiza ngazi moja. Ngazi mbili, ngazi nne, tisa, kumi na mbili. Fundi anakaa juu, dukani, dirisha linatazama chini. Anahesabu zile anazoziona. Zile kavu. Alikuwa akituambia zilizobaki, na mimi, kila asubuhi kwa siku ishirini na nne, nikiwaambia watu wa bondeni mto umeshuka, kwa sarufi isiyo na doa.

Nilimpigia Mama, simu haikupokelewa. Nilimpigia mdogo wangu, nikakata kabla hajaitika. Nilikwenda kwa miguu, kwa kuwa magari yote yalikuwa yamesimama, na watu walikuwa wanapanda kutoka bondeni wakati mimi nashuka. Wanabeba magodoro, redio, masufuria. Mwanamke mmoja kabeba mlango. Sijui kwa nini mlango.

Kwenye saluni, pale njia inapoanza kupanda, nilimwona Mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni, kile kizito cha kuzunguka, katikati ya barabara, kitambaa cha wateja kimefungwa shingoni asilowe. Wanawake wanne ndio waliombeba, akiwa juu ya kiti hichohicho, kutoka nyumbani kwake. Wawili walikuwa wamesukwa upande mmoja tu, upande wa pili umesimama hewani.

"Umechelewa," Mama aliniambia. "Nimeshabebwa kama bibi harusi."

Msusi alikuwa amelowa hadi kiunoni. Alinieleza huku anakamua sketi. Asubuhi alimpigia Fundi kuulizia gauni lake. "Namuuliza, gauni langu tayari? Ananijibu, gauni gani mwenzangu, mimi hapa nimebakiwa na ngazi moja. Nikajua. Sikuuliza la pili."

"Hukusoma ukurasa wa pamoja?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Si niliutoa Jumatatu, dada."

Saa tatu na nusu maji yalipita ngazi ya mwisho, yakapita duka la Fundi, yakateremka bondeni. Nyumba arobaini na moja. Kwa Mama yamefika kwenye kizingiti cha dirisha. Picha ya Baba imekwenda. Hakufa mtu. Jirani wa Mama, muuza mkaa, ameangukiwa na ukuta, mguu umevunjika mahali pawili.

Ijumaa, 18 Aprili

Mdogo wangu amekuja. Amekaa na Mama saa nzima. Kwangu amesema "Dada" alipoingia na "Dada" alipotoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano wa dharura, mtaa wa maofisi, kwa kuwa saluni imejaa vitu vya watu. Mwenyekiti alivaa tai nyeusi ingawa hakufa mtu. Nadhani alikuwa ameiandaa.

Alikuja mke wa muuza mkaa. Hakukaa. Alishika simu juu, mbele ya uso wa Fundi.

"Soma."

"Kioo changu..."

"Hiki si kioo chako, ni changu, kizima. Soma! *Maji yameshuka zaidi, hadi ngazi ya pili.* Chini yake, *Taarifa ya Fundi, mtaa wa mtoni.* Mume wangu kasoma hii saa mbili. Watu wanapita wanapiga kelele, yeye anasema, huyo Msusi ni mpiga domo, Fundi kasema mto umeshuka, ngoja kwanza ninywe chai. Chai! Sasa hivi anakunywa amelala chali, kwa mrija!"

Fundi alitazama simu muda mrefu. Hajawahi kuusoma ukurasa wa pamoja, aliwahi kuniambia: mimi huandika tu, kusoma nawaachia ninyi.

"Mama," akasema, "mimi neno kushuka sijaandika. Mimi naandika ngazi."

"Na hii nini?"

"Sijui. Mimi naandika ngazi."

Aliendelea kusema hivyo, naandika ngazi, naandika ngazi, na kila aliposema alionekana mwongo zaidi. Lazima niandike pia kwamba cherehani yake ilichukuliwa na maji. Aliiacha ili kupiga mlango kwa mlango. Hakuna aliyelisema hilo mkutanoni, wala yeye.

Mwenyekiti alipendekeza tovuti ya Fundi iondolewe kwenye Umoja na bondeni watangaziwe kwamba ndiye aliyepotosha. Msusi alibisha: "Mtu mwenyewe ndiye aliyeniambia ngazi moja!" Mwenyekiti akasema hayo ni mazungumzo ya simu, si maandishi. Mwishowe Fundi akapewa wiki moja ajieleze kwa maandishi. Kwa maandishi! Yeye! Ni kama kumwambia mtu asiye na meno ajitetee kwa kutafuna.

Daftari hili lilikuwa mkobani mwangu, juu ya paja langu. Kila neno lake na kila neno langu yamo humu, kwa tarehe. Nilichofanya ni kuufunga mkoba.

Wiki saba nimewaandika hawa watu humu kama madudu kwenye kisanduku. Mjinga ni yule, mpiga domo ni yule. Yule mwenye kufunga mkoba sikuwa nimempa nafasi kwenye orodha.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imepungua.

Jumatatu, 21 Aprili

Sikuweka kitu kwenye ukurasa wa pamoja. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 22 Aprili

Saa saba mchana mlinzi wa kiwanda akaniambia nina mgeni. Alikuwa Fundi, na bahasha. Alikuwa amevaa shati alilolishona mwenyewe, kola imelala kama imechorwa. Sijawahi kuiangalia kazi yake, naye huwa amekaa ndani yake kila siku.

"Bi Nukta, nimekuletea barua ya Mwenyekiti. Ninyooshee Kiswahili. Nikiisoma mwenyewe naona kama mwizi ndiye kaandika."

Nilikaa nayo kwenye meza ya prufu. Ukurasa mmoja, kalamu ya chaki ya kitambaa, kwa kuwa kalamu nyingine zilikwenda na maji. Nainakili kipande:

*mimi na hesabu ngazi zilizo baki kavu. ndio kazi yangu. nikikata kitambaa sipimi kilicho katwa na pima kilicho baki kwa sababu ndio cha kufanyia kazi. na mto hivyo hivyo. mtu wa bondeni anataka kujua amebakiwa na nini.*

Makosa kila mstari. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, na sikupata mahali pa kuiweka.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Yameshuka. Ni mimi niliyeandika. Wewe ulileta ngazi tisa, nikaandika yamefikia ngazi ya tisa. Ukaleta nane, nikaandika yameshuka. Nilihesabu kutoka chini."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyemletea nguo bila kichwa wala mikono.

"Nani anahesabu ngazi kutoka chini?"

"Mtu aliyebeba ndoo."

Mashine za chini zilikuwa zinagonga, sakafu inatetemeka.

"Jumamosi ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Yule mama ananishikia simu usoni, wewe umekaa pale, umenyamaza."

"Ndiyo."

"Na siku ile nakuandikia watu wajiadhari, wewe ukanijibu ina h." Alicheka, kicheko kibaya, kifupi. "Nilikwenda kuitafuta hiyo h, unajua? Nikasema dada ananifundisha, si vibaya. Nikairekebisha kwenye tovuti yangu. Mvua inapiga, mimi natafuta h."

Alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo iliyonyooka kuliko rula.

"Hii usiiguse. Nitaipeleka ilivyo."

Akaondoka. Mlinzi kaniuliza kama huyo ni shemeji. Nimemwambia asahau.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeweka tangazo leo saa kumi na mbili asubuhi, kwenye ukurasa wa pamoja na juu kabisa ya tovuti yangu. Nakala:

*MASAHIHISHO. Kuanzia tarehe 24 Machi hadi 16 Aprili, mara ishirini na nne, palipoandikwa "maji yamefikia ngazi ya" au "maji yameshuka hadi ngazi ya", pasomeke "zimebaki ngazi". Neno "zaidi" la tarehe 16 lifutwe. Fundi aliandika sawa siku zote. Aliyebadilisha ni mimi, msahihishaji, na sikwenda mtoni kuangalia.*

Nimelisoma mara sita. Halina kosa. Halikunifurahisha.

Saa tatu mke wa muuza mkaa alikuja hadi mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, na hilo lilinishangaza. Alimsalimu Mama kwanza, akauliza hali ya miguu. Kisha akanigeukia: "Kumbe ni wewe. Na umesoma." Akaenda zake.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkutano. Barua ya Fundi ilisomwa na Mwenyekiti, ambaye kila penye kosa alikuwa anasita na kunitupia jicho. Nilitazama dirisha. Alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza neno *ngazi*. Mjinga huyu hatabadilika hata akitiwa majini.

Msusi alisema yeye hataki kamati, anataka kila mtu aandike yake kwa mdomo wake, na anayetaka kuchukua ya mwenzie aichukue ilivyo au aiache. Fundi akasema sawa. Mimi nikasema sawa. Mwenyekiti akauliza kama hiyo ni hoja au ni maongezi. Kanuni ya kila tangazo kupitia kwangu imekufa, haikupigiwa hata kura. Fundi alikaa mbali nami, viti vitatu.

Ijumaa, 2 Mei

Wateja wa Msusi wamemtafutia Fundi cherehani ya mkono. Nimesikia kwa Mama, ambaye amesikia kwa Msusi. Mimi siambiwi.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Fundi: "Mto leo ngazi nane na nusu." Na nusu! Nimeichukua ilivyo. Ilinichukua dakika nzima kuondoa kidole kwenye kitufe.

Jumapili, 18 Mei

Kuta za kwa Mama zimekauka hadi magotini. Anataka kurudi. Nimemwambia angoje mto urudi mahali pake, naye kasema atajua mwenyewe. Asubuhi hii nilikuwa nimekaa na simu, nikamsomea: "Mto leo ngazi kumi moja."

"Mh," akasema Mama.

Akajivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akachukua simu yake, akabonyeza namba anayoijua kwa kichwa.

"Halo, Fundi? Umeamkaje, mwanangu? Ngazi ngapi leo?" Akasikiliza. "Kavu? Kutoka juu?" Akasikiliza tena, akitikisa kichwa polepole. "Kumi na moja. Haya, Mungu akubariki, baba. Basi Jumamosi narudi kwangu."

Alikata simu, akanigeukia.

"Kumi na moja," akaniambia.